Ukoo wa Barabara ya 12 🏠

Dada Mwanaidi 16:02
Asalaam alaykum. Nyumba ya Ngamiani inavuja, masika hayo. Bati 40, geji 28. Fundi anataka jibu LEO.

Dada Mwanaidi 16:31
Mmesoma watu 17. Tiki za buluu nazo zinaezeka?

Bakari Houston 16:33
Let's table it. Nipo kazini.

Salim London 16:35
Safi sana Bakari. Tuanze basi, mimi bati 5.

Bakari Houston 16:36
Unaanza nini? Nimesema tuiweke kando!

Salim London 16:36
Umesema table. Yaani iletwe mezani ijadiliwe.

Bakari Houston 16:37
Marekani ukisema hivyo umeifanya kiporo.

Salim London 16:37
Uingereza umeipakua 😂

Ba'mdogo Hamisi 16:44
Wote mko sahihi. Churchill wa Uingereza aliandika kwamba Vita vya Pili vya Dunia maofisa wake walitaka hati fulani ijadiliwe haraka, wakatumia neno hilo hilo. Wamarekani wakaelewa inatiwa kwenye mtoto wa meza isahaulike. Wakabishana hadi kukasirikiana, kumbe wanataka kitu kimoja. Sisi tumefuata Uingereza: bungeni Dodoma hati "huwasilishwa mezani". Na meza yenyewe tumeitoa kwa Mreno.

Juma Makorora 16:45
Mi table naijua ya saba tu. Ba'mdogo alinichapia 7 mara 8

Ba'mdogo Hamisi 16:45
Jibu?

Juma Makorora 16:52
Chaji inaisha

Dada Mwanaidi 16:53
Jamani BATI.

Shangazi Tatu 17:10
Maadam mmeitaja meza. Ile ya mninga ya marehemu baba iko wapi?

Dada Mwanaidi 17:11
Shangazi, nakuomba, si leo.

Shangazi Tatu 17:13
Yenye mtoto wa meza wa kushoto asiyefunga. Ilipakiwa kwenye kirikuu siku ya arobaini, tukaambiwa inakwenda kupigwa msasa. Mwaka wa 9 huu, msasa gani?

Juma Makorora 17:14
Meza imemezwa 🙈

Dada Mwanaidi 17:14
Juma, chaji imerudi?

Mjomba Rashidi 17:40
Ipo. Mguu mmoja umeliwa na mchwa, ndiyo maana nilinyamaza.

Zuhura 18:05
Niko na Bibi, nimemsomea zote. Anasema niandike hivi: "Rashidi, irudi na miguu yake mitatu. Baba yenu alikuwa akinihesabia hela ya sokoni juu yake. Bati hamtapigilia kabla sijaiona ukumbini."

Mjomba Rashidi 18:06
Naam, mama.

Shangazi Tatu 18:20
🤲

Dada Mwanaidi 20:15
Sawa. Salim 5, mimi 6. Mjomba, kirikuu lini? Fundi kanipigia mara tatu.

Bakari Houston 23:48
Nimetoka kazini. Mmepakua au kiporo?

Dada Mwanaidi 23:50
Wewe bati ngapi?

Mama Shufaa Pangani 05:31
Subhanallah, meseji zote hizi. Nani kafariki?