Nimepangiwa semina za mwaka wa kwanza na sijawahi kufundisha, nianzie wapi?

Mtakwimu_Dom:
Wakuu, habari za saa hizi. Nasoma masta ya takwimu kwenye chuo kimoja hapa Dodoma. Idara imenipangia semina za mwaka wa kwanza, vikundi vitatu vya watu kama hamsini kila kimoja. Nilichopewa ni ratiba, slaidi za mhadhiri mwenye kozi na namba ya CR (mwakilishi wa darasa), basi. Digrii ya kwanza sikusoma ualimu, kwa hiyo mazoezi ya kufundisha sijawahi kwenda. Somo nalijua. Ninachoogopa ni kuuliza swali halafu darasa zima linikalie kimya. Tunaanza wiki ijayo. Mliopitia hili mlijiandaaje?

Mwalimu_Kikuyu:
Hongera mkuu. Tafuta wenzako wawili watatu waliosoma ualimu, wakae kama wanafunzi, uwafundishe kipande kimoja tu kwa dakika kumi. Wakukosoe, kisha urudie kipande kilekile. Utaratibu huo ulianzia Stanford, Marekani, mwaka 1963, na wanafunzi wa ualimu wanafanyishwa mpaka leo kabla ya kupelekwa shuleni. Sisi wa fani nyingine tunarushwa hatua hiyo na kukabidhiwa darasa, jambo linaloniuma sana, maana anayeumia ni mwanafunzi. Fanyeni jioni, ndani ya chumba chenyewe. Andika ubaoni, halafu nenda kakae kiti cha mwisho uone kama mwandiko wako unasomeka.

Babu_Chimwaga:
Nafuatilia uzi, na mimi nimepangiwa.

Zabibu_Hombolo:
Kuhusu kimya: mara nyingi mwalimu ndiye hasubiri. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alipima madarasa miaka ya 1970, akakuta walimu wengi wakiuliza swali wanangoja kama sekunde moja tu ndipo wanadakia. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na waliojitolea kujibu wakaongezeka. Kwa hiyo uliza, nyamaza, hesabu moyoni.

Kwa huku kwetu kuna na suala la Kiingereza. Mtoto anajua jibu ila anaogopa kuchekwa. Waache wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili dakika mbili, ndipo mmoja aseme kwa Kiingereza. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo hatua ya mwisho usiiruke.

Alizeti_Kongwa:
Usirudie slaidi za mhadhiri, wameshazisikia. Nenda na tatizo moja la kufanyia kazi. Mfano: wakulima watano wa alizeti wamevuna gunia 4, 5, 5, 6 na 40. Wastani ni 12. Waulize, ni mkulima gani hapo amevuna gunia 12 au hata kuzikaribia? Hakuna. Sasa tufanye wewe ndiye afisa kilimo unayeandika ripoti ya kijiji, utaandika 12? Hapo watabishana wenyewe, na watafika kwenye ile 5 ya katikati kabla hujawatajia. Swali moja la namna hiyo linaweza kumaliza nusu ya semina.

Mtakwimu_Dom:
Hii naichukua kama ilivyo. Swali lingine: wengine ni rika langu, tunapanda daladala moja kwenda mjini. Niwe mkali?

Mama_Nzuguni:
Mdogo wangu, ukali haukusaidii. Salimiana nao vizuri, ila kwenye maksi usiwe na mshkaji. Andika mwongozo wa kusahihisha kabla hujagusa karatasi hata moja, umwonyeshe mhadhiri mwenye kozi. Sahihisha swali la kwanza kwa wote ndipo uende la pili, na majina yafunike. Mwanafunzi mwenye shida mkutane ofisini mlango wazi, usimwite geto. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inataja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na wewe sasa una mamlaka juu yao hata kama hujioni hivyo.

Mtakwimu_Dom:
Asante sana dada. Na wakija hawajasoma kabisa?

Mwalimu_Kikuyu:
Usiwafukuze. Dakika kumi za mwanzo wape swali wafanye wawili wawili, wewe pita katikati ya viti uangalie madaftari. Utaona walipokwama, anzia hapo.

Mtakwimu_Dom:
Sawa wakuu. Kesho jioni naomba ufunguo wa chumba, jamaa wawili wa ualimu wamekubali kuja.