Siku moja tu Dubai na familia: Ferrari World au IMG? Kijana kang'ang'ania ile ya kilomita 240

MamaWatatu_Tabata

Habari za jioni wadau. Naombeni ushauri wa haraka maana mume wangu keshaanza kuulizia tiketi za ndege na mimi bado sijui nishike lipi. Ni hivi, Desemba anaenda Dubai kufuata mzigo wa duka lake la Kariakoo kama kawaida yake, sasa mwaka huu kasema twende wote kwa sababu kijana wetu mkubwa kamaliza la saba na alishamuahidi. Siku zingine zote baba atakuwa kwenye mambo yake huko Deira na Dragon Mart, kwa hiyo tuna siku MOJA ya kutoka wote kwenda kwenye hizi paki za michezo, zile zenye rolakosta (vile vitreni vya kasi vya kupanda na kushuka) na mabembea ya kutisha.

Kijana ana 12, anataka Ferrari World na hataki kusikia kingine, kutwa yuko YouTube anaangalia rolakosta yao ile, Formula Rossa, inayokimbia kilomita 240 kwa saa. Wa katikati ni wa kike ana 8, muoga lakini ole wako umwambie muoga. Mdogo ana 4. Halafu kuna mama mkwe, ana presha na magoti, naye anaenda na hamna wa kumwambia abaki 😂 

Wakala mmoja wa safari hapa mjini anasema tunaweza kufanya Ferrari World asubuhi na paki nyingine, hiyo IMG Worlds of Adventure, jioni siku hiyo hiyo, tulipie kwake kifurushi. Inawezekana kweli? Tuko watu sita na hela yenyewe mnaijua inavyopatikana.

Deira_Kariakoo

Dada huyo wakala anataka hela yako tu. Ferrari World haiko Dubai, iko Abu Dhabi kwenye kisiwa cha Yas, kutoka Deira ni zaidi ya kilomita 100 kwenda peke yake. Barabara zao nzuri sikatai lakini ukiamsha watu sita, mle, mtoto aende chooni, mama mkwe ajifunge vizuri, mnafika saa tano asubuhi huko. Mkianza kurudi ili muwahi IMG ni jioni ya foleni na watoto wameshachoka, mtalipia tiketi za paki mbili mkacheze nusu nusu. Chagua moja.

Na msije mkadanganywa mpande basi la kwenda Abu Dhabi ati ni rahisi. Rahisi ni kweli, yanatoka Al Ghubaiba na Ibn Battuta muda wote, ila yanakupeleka mpaka stendi ya mjini kati na Yas mnakuwa mmeshaipita kitambo, inabidi mchukue teksi mrudi nyuma tena. Na teksi ya kawaida inabeba wanne, nyie sita. Mkiamua Abu Dhabi kodini gari ya watu saba na dereva.

Kitu kingine, wengi bado wanadhani wikiendi ya kule ni Ijumaa. Walibadilisha Januari 2022, sasa ni Jumamosi na Jumapili na Ijumaa wanafanya nusu siku. Kwa hiyo nendeni Jumanne au Jumatano. Na tarehe 2 na 3 Desemba kaeni mbali kabisa na paki yoyote, ni sikukuu yao ya taifa, nchi nzima iko barabarani.

fundi_lifti

Kabla hamjabishana Ferrari au IMG, kijana ana kimo gani? Wengi wanauliza miaka, kule mlangoni hawakuulizi miaka wala hawataki cheti cha kuzaliwa, kuna fimbo ya kupimia. Formula Rossa mwisho wa chini ni sentimita 140. Ukiwa na 139 unageuzwa na foleni yote umeshakaa, na usijaribu kumvalisha raba za soli nene, hao vijana wa pale wanaziona kila siku.

Mimi kazi yangu lifti za maghorofani kwa hiyo haya mambo nayapenda, nivumilieni niseme kidogo. Watu wanadhani ni ukali tu wa wazungu, sio. Kile chuma kinachoshuka kukubana mapajani kimepimwa kwa mwili wa kimo fulani, mtoto akiwa mfupi kinaacha uwazi, sasa behewa likidondoka ghafla mwili wake unataka kubaki juu na hamna cha kumzuia. Behewa lenyewe haliwezi kuchomoka kirahisi, lina magurudumu ya juu ya reli yanayobeba uzito, ya pembeni kwa ajili ya kona, na mengine yako CHINI ya reli yanaikumbatia lisiruke. Na reli imekatwa vipande vipande kila kimoja na breki yake, behewa la nyuma haliingii kipande kama la mbele halijatoka. Kwa hiyo mama usilale macho unawaza behewa kuchomoka, waza kimo.

Halafu mwambieni kijana rolakosta za kawaida zinavutwa na mnyororo taratibu mpaka juu, zikiachiwa ndo zinashuka kwa uzito wake zenyewe, hazina injini ndani. Hiyo Formula Rossa haina kile kipindi cha kupanda ukisoma dua. Inarushwa kwa haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa, kutoka pale ilipokaa, sekunde kama tano tu iko 240, wanakupa na miwani kwa ajili ya vumbi na wadudu. Anayeanzia hapo kabla hajapanda kingine chochote ana moyo.

Kijiti_wa_Mbagala

Jamani na nyie, Dubai yote hiyo ya nini, si mumpeleke Wet n Wild pale Kunduchi mjue kwanza kama ana huo moyo 😂😂 Mimi binamu yangu alikuwa na maneno kama huyo kijana wenu, njia nzima kuanzia Mwenge anatusimulia atakavyoshuka lile slaidi refu. Kapanda ngazi vizuri, kafika juu kabisa, kakaa mdomoni pa slaidi maji yanampita matakoni, mlinzi anamwambia haya kunja mikono kifuani, akachungulia chini. Akamuuliza mlinzi ati kaka saa ngapi sasa hivi. Akashuka kwa ngazi zile zile anawaomba samahani watu wote waliopanga foleni nyuma yake. Nauli ya daladala tu tukajua yote tuliyotaka kujua.

Au Fun City Kigamboni, kule kuna ya maji na ya nchi kavu, mnavuka daraja mnalipa tozo mnafika. Nendeni mara moja kabla ya safari, sio kwamba nawazuia Dubai, ila mkafanyie majaribio hapa kwa shilingi kuliko kwa dirham.

MamaWatatu_Tabata

Kijiti umenivunja mbavu, ati saa ngapi sasa hivi 🤣

Fundi asante sana, nimetoka kumpima sasa hivi. Nilimsimamisha mlangoni bila viatu, nikamwekea daftari kichwani, nikachukua futi ya cherehani ya wifi yangu. 138. Akasema nimemvuta vibaya, akaja baba yake akampima tena, 138. Yaani hapa nyumbani hakukaliki, kajifungia chumbani. Sentimita mbili jamani!! Hizo hazitakuja mpaka Desemba eti?

fundi_lifti

Zinaweza kuja zinaweza zisije, huwezi kulipia watu sita kwa kubahatisha. Na akija kupimwa pale 139 na nusu ndo mtalia wote.

BiTunu_Upanga

Mwanangu mimi niko upande wa huyo mama mkwe maana na mie nilipelekwa na wanangu, magoti haya haya. Nitakwambia ukweli, siku inaharibika kwa ajili ya wale WASIOPANDA. Wanaopanda wana raha zao. Sie tunaobaki tunashikishwa mabegi sita na mtoto mdogo analia, tumesimama, hatujui wenzetu watatoka mlango gani. Kwa hiyo usichague paki kwa kuangalia kijana peke yake, angalia mdogo na bibi yake watashinda wapi.

Kwa watu mlionao mie ningekwenda IMG. Iko Dubai humo humo, barabara ya Sheikh Mohammed bin Zayed, na yote iko ndani ya jengo moja kubwa, hamna jua, viti vipo, chakula kipo. Mdogo atakaa upande wa katuni, wako kina Ben 10 na Powerpuff Girls. Wa kike ataangalia mwenyewe, akijisikia kuna upande wa Spider-Man na Hulk, akiogopa anarudi kwa mdogo wake na hamna anayemcheka. Na kijana huyo aliyenuna mwambieni kuna ile ya dinosauri, Velociraptor, nayo inarushwa kama hiyo anayoitaka, inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde mbili na nusu halafu inatoka nje ya jengo kabisa inaenda kuzunguka jangwani. Huyo wa 138 anapanda.

Ferrari World nayo ina michezo ya wadogo, sitaki kuisingizia, lakini kwenda mpaka Abu Dhabi halafu kijana asimame chini anaangalia wenzake wanapanda kile alichofuata, hapana. Kama mnaitaka sana Yas, basi akishavuka 140 nendeni mkalale huko huko, maana pembeni yake kuna paki nyingine, Warner Bros. World na ile ya maji Yas Waterworld, hiyo ni safari ya peke yake.

Mama mkwe mbebee mtandio mzito au sweta, ubaridi wa AC mle ndani sio wa mchezo. Dawa zake za presha ziwe kwenye mkoba wake sio kwenye begi mlilofungia kabatini. Na asipande chochote kinachobana kifua hata watoto wakimbembeleza, wanaandika pale mlangoni wenye presha, moyo, mgongo na wajawazito wasipande na wanamaanisha. Wewe na mumeo mpokezane, mmoja apande na kijana mwingine abaki na bibi, msimwachie wajukuu wote kama yaya.

Deira_Kariakoo

Bi Tunu shikamoo, umemaliza. Nyongeza tu, tiketi nunua mwenyewe kwenye tovuti yao na usome kimo cha kila mchezo mmoja mmoja, wameandika. Huyo wakala muachie viza.

MamaWatatu_Tabata

Shikamoo Bi Tunu, asante mno. Nimemsomea mume wangu yote haya, kwenye habari ya kushika mabegi mama mkwe kasikia toka sebuleni akasema huyo mama anaongea ukweli mpeni salamu. Basi ni IMG, Jumatano, wakala tumemwambia tutampigia. Kijana nimemuonyesha video ya hiyo ya dinosauri, ameangalia mara ya kwanza kakunja uso, sasa hivi nasikia anaitafuta mwenyewe. Jumamosi hii tunaanzia Kunduchi, na wa 8 keshasema yeye atashuka slaidi refu kabla ya kaka yake.

Kijiti_wa_Mbagala

Huyo wa 8 namuamini kuliko kaka yake. Halafu mama, mzee akifika Dragon Mart aniangalizie bei ya taa za sola zile za uani, nakuja pembeni nikupe maelezo.