Mayai manane, watu saba: naomba mnielekeze mchuzi wa mayai wa usiku

MamaWane

Habari za jioni, wapendwa. Naomba mnisaidie jambo la jikoni. Kwa wengine huenda ni dogo, ila kwangu linarudi kila wiki.

Nafanya kazi Kariakoo, nakaa Mbagala. Nikiwahi sana nafika nyumbani saa moja na nusu usiku. Tuko saba: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto wanne, kitindamimba ana mwaka na nusu. Nyama siku za kazi hatuigusi. Maharage yanataka muda na moto ambao sina. Dagaa mama mkwe hali, anasema miiba inamchoma fizi. Kwa hiyo kimbilio langu ni mayai.

Sasa mayai ya kukaanga kwa watu saba yanakwenda kumi na mawili, na bado ugali unaliwa mkavu. Yai moja dukani kwetu ni shilingi 350, pigeni hesabu wenyewe. Juzi nikajaribu mchuzi wa mayai wa nazi. Nilichemsha manane, mawili yakapasuka, na yaliyobaki nilipoyamenya yakabanduka na ute wake, yakawa mashimomashimo. Tui nalo likakatika, mafuta juu, chengachenga chini. Watoto walikula kwa sababu ya njaa. Mama mkwe alimega matonge mawili akasema ameshiba. Sikulala vizuri siku ile.

Nina mtungi mdogo wa gesi wenye jiko lake juu, na jiko moja la mkaa. Unga, mchele na mafuta vipo ndani. Fedha ya mboga ni shilingi 6,000 isizidi. Nataka kitoweo cha mayai kisichozidi saa moja, chenye mchuzi wa kutosha watu wote, na mzee akifurahie. Nilikosea wapi?

BibiPangani

Pole kwa kazi, mwanangu. Mayai hayakukosa kitu, umekosea kwenye tui. Naona ulilitia lote kwa mkupuo, ukafunika sufuria likachemka peke yake. Tui halifunikwi wala haliachwi.

Nazi moja ina matui mawili, usiyachanganye. Ikune nazi, tia maji ya uvuguvugu kikombe kimoja, kamua, chuja. Hilo ni tui zito, liweke pembeni mpaka mwisho. Machicha yaleyale tia vikombe viwili vya maji, kamua tena. Hilo ni tui jepesi, nalo ndilo linalopikia. Zito linamalizia tu.

Teleka mafuta vijiko viwili, kaanga kitunguu maji kimoja kikubwa hadi kianze kubadilika rangi. Tia saumu na tangawizi uliyotwanga, kisha manjano nusu kijiko cha chai na binzari nyembamba kidogo. Nyanya nne mbivu zifuate, na hapa usiwe na haraka: ziache zirojeke, usione tena kipande, mafuta yaanze kujitenga pembeni ya sufuria. Watu wengi wanatia maji nyanya zikiwa bado mbichi, ndiyo maana mchuzi unakuwa mkali na mwepesi, halafu wanalaumu nazi. Baada ya hapo tia tui jepesi na viazi mbatata vitatu ulivyokata vinne vinne. Kiazi kikilainika, tia mayai, halafu tui zito. Punguza moto, koroga polepole upande mmoja bila kubanduka, mpaka uone linaanza kutokota pembeni. Epua hapo hapo.

Ndimu kamulia sufuria ikiwa imeshashuka chini. Ukiitia motoni, tui linakatika mbele ya macho yako.

MuuzaChipsi_Mwanza

Bibi kamaliza habari ya tui, mimi niseme ya kumenya. Nauza chipsi mayai na mayai ya kuchemsha yenye kachumbari, huu mwaka wa saba. Nachemsha trei moja kila siku, mayai 30, na nilishapoteza mengi kabla sijajua.

Yai likiwa limetagwa jana au leo halimenyeki vizuri, ngozi ya ndani inang'ang'ania ute. Likikaa siku nne tano linamenyeka lenyewe. Kwa hiyo usinunue moja moja jioni ya kupika. Nunua trei mwisho wa juma kwa bei ya trei, kaanga siku za mwanzo, chemsha kuanzia katikati ya wiki. Utaokoa na fedha pia.

Pili, usiyaweke kwenye maji baridi ukawasha moto. Acha maji yachemke kwanza, tia chumvi kijiko kimoja, shusha mayai kwa kijiko moja moja, yasidondoke. Punguza moto kidogo ili yasigongane. Hesabu dakika 10 au 11, basi. Ukizidisha sana, kiini kinazungukwa na duara la kijani na harufu inakuwa nzito. Si sumu, ila mzee akiliona atalikataa. Yatoe moja kwa moja hadi kwenye maji ya baridi, uyaache humo dakika tano. Anza kugonga upande butu, kule kuna kijifuko cha hewa, na umenyee ndani ya maji.

Lingine: kabla ya kuchemsha, litumbukize kila yai kwenye bakuli la maji. Likilala chini ni zuri. Likisimama wima ni la zamani, litumie leo. Likielea juu, litupe.

MamaWane

Shikamoo bibi, na asante sana kaka. Kumbe! Mimi nilikuwa najisifu kwamba nanunua mayai ya siku hiyohiyo kwa jirani anayefuga. Na kweli nilifunika sufuria, nikaenda kumwogesha mtoto.

Swali: majiko yangu ni mawili tu na wali unataka la kwake. Mayai nitachemshia wapi, na viazi lini?

MuuzaChipsi_Mwanza

Osha mayai vizuri, viazi navyo vimenye na kuvikata. Vichemshe pamoja na mayai, sufuria moja, kwenye mkaa. Dakika ya 10 toa mayai, viazi viache viendelee kidogo. Huku kwenye gesi unakaanga kitunguu na nyanya. Viazi vikiiva, unavimwagia kwenye mchuzi, na mkaa uleule unaupokea wali. Wali ukishapaliwa makaa juu, wewe ndio unamalizia tui.

MvitaJikoni

Sisi Mombasa yai halitiwi kwenye mchuzi hivihivi jeupe. Ukishalimenya, lipige chale tatu nne kwa kisu, usifike kwenye kiini. Paka manjano, chumvi na pilipili ya unga, likaange kwa mafuta kidogo mpaka lipate ngozi ya dhahabu. Zile chale ndizo zinazokunywa mchuzi. Bila hivyo unakula yai la kuchemsha lililopita karibu na mchuzi.

BibiPangani

Kwa walaji wenye meno, nakubaliana na wewe kabisa. Lakini ngozi ile inakuwa ngumu, na hapa kuna mama mtu mzima mwenye fizi za kuuma. Chale apige, kukaanga aache.

MamaPili_Nakuru

Pole mamaa. Mimi nikifika nyumbani usiku sichemshi mayai hata kidogo, nayapasulia ndani. Napika rosti nzito: vitunguu viwili, nyanya sita, hoho moja, karoti moja niliyokwaruza, dania mwishoni. Bila maji. Ikishakuwa nzito nachimba vishimo kwa mgongo wa mwiko, napasua yai moja kwenye kila kishimo, nanyunyiza chumvi, nafunika. Moto wa chini, dakika saba au nane, yai limeganda. Nusu saa yote imekwisha, na nimetumia jiko moja. Wamisri na watu wa Afrika Kaskazini wana chakula chao kama hiki, shakshuka, wanakila na mkate. Sisi tunakila na ugali na sukuma wiki.

Pasua kila yai kwenye kikombe kwanza. Moja bovu likiingia kwenye sufuria umepoteza chakula chote.

BibiPangani

Kwenye rosti ya nyanya sawa, nimeshaila na ni tamu. Kwenye tui la nazi usijaribu mwanangu, ute unatawanyika na mchuzi unakuwa kama uji.

Muuguzi_Kliniki

Kwa njia ya kupasulia, angalizo ni moja: mtoto wa mwaka na nusu na bibi yake wapewe yai ambalo ute na kiini vyote vimeganda. Yai bichi au la kiini cha majimaji linaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na hao wawili ndio wanaoumia zaidi ikiwapata.

Na kwa kuwa uzi huu unasomwa na kina mama wengi, niseme jambo linalonikera kliniki. Bado nakutana na wajawazito waliokatazwa mayai nyumbani eti mtoto atazaliwa hana nywele. Hakuna ukweli hapo. Yai moja kubwa lina takriban gramu 6 za protini, na mjamzito anazihitaji. Mpeni, ila liwe limeiva.

Mnyamwezi_wa_Urambo

Mnaongea nazi, nazi, nazi. Sisi wa bara tunaoishi mbali na mnazi tuna karanga, na karanga haikatiki. Kaanga karanga, pepeta maganda, twanga mpaka zitoe mafuta. Tia kwenye maji ya uvuguvugu, koroga, mimina kwenye nyanya zilizorojeka. Mchuzi unakuwa mzito, unashika ugali barabara. Changamoto yake ni kushika chini, kwa hiyo mwiko usitoke mkononi. Nikiwa na fungu la mchicha nalitupia mwishoni, na mayai niliyokata nusu nayapanga juu.

Msafiri_Accra

Hoja ya mchicha na mayai naiunga mkono. Nipo Ghana mwaka wa tatu, na hapa kuna kitoweo wanakiita kontomire: majani ya magimbi yaliyopikwa na nyanya, vitunguu na mafuta ya mawese, wengine huweka mbegu za agushi (jamii ya tikiti) zilizosagwa, na mayai ya kuchemsha juu. Kinaliwa na viazi vikuu au ndizi mbichi za kuchemsha. Nilipokionja mara ya kwanza nilikumbuka nyumbani. Dada, kwa Mbagala tumia mchicha, maana majani ya magimbi yasipoiva sawasawa yanawasha koo. Mafungu mawili ya mchicha yanaongeza sufuria pakubwa, na bei yake unaijua.

MvitaJikoni

Huyo wa Urambo kasema neno tusilipite: kukata nusu. Mayai manane mazima kwa watu saba, mmoja atapata mawili na wengine watamtazama. Ukiyakata unapata vipande kumi na sita, viwili kwa kila mtu. Lakini yasiingie mapema, kiini kitatoka kiyeyukie kwenye mchuzi. Yapange mwisho kabisa, kiini kikitazama juu, uyamwagie mchuzi kwa upawa.

MamaWane

Nimerudi na majibu. Nimepika jana, Alhamisi, kwa mayai ya trei niliyonunua Jumamosi. Nimeandika kila kitu kwenye daftari: mayai manane, nazi moja 1,200, nyanya 1,000, vitunguu na saumu 500, viazi vilikuwepo, ndimu 100. Na mayai yenyewe, kwa bei ya trei, yamekuja pungufu ya yale ya duka la mtaani. Sikufika 6,000.

Mayai yote manane yamemenyeka. Moja tu limechubuka, nalo nililianza upande wa ncha kwa kujisahau. Niliyachemsha pamoja na viazi kama kaka alivyosema. Nyanya nilizisubiri, bibi, mpaka nikaona mafuta yamejitenga. Mwanangu mkubwa nilimpa kazi moja tu, kukaa na mdogo wake, ili nisibanduke kwenye tui. Halikukatika. Lilikuwa zito na la manjano, linang'aa. Nikaepua, ndimu, nikapanga nusu za mayai.

Nilianza saa mbili kasoro, tulikaa mkekani saa mbili na dakika hamsini. Wali na viazi vilimwagiwa mchuzi, hakuna aliyekula mkavu. Mama mkwe alilivuruga yai lake kwenye mchuzi, akala taratibu, halafu akaniuliza: "Nazi hii umeikamua mara ngapi?" Nikamwambia mara mbili. Akasema mama yake alikuwa anafanya hivyohivyo kule Rufiji, akaanza kutusimulia. Tumekaa pale mkekani mpaka mdogo amelala. Nusu mbili za yai zilizobaki amezila mume wangu asubuhi na chai.

Sasa Jumanne nataka kujaribu ya karanga na mchicha, kwa ugali. Ndugu wa Urambo, hukusema vipimo. Karanga kiasi gani kwa watu saba, na maji kiasi gani?

Mnyamwezi_wa_Urambo

Hongera sana, dada. Karanga kikombe kimoja cha chai kabla ya kutwanga, maji vikombe vitatu, na akiba ya kikombe kimoja cha moto pembeni maana inaendelea kuwa nzito hata ikiwa imeshaepuliwa. Chumvi itie mwisho. Mchicha ukate mkubwa mkubwa, usikae motoni zaidi ya dakika tatu. Kwa mama, zitwange mara mbili, zisiache punje ya kumwingia kwenye fizi.