Shoki ya nyuma inacheza: niagize seti, ninunue beringi Kirinyaga Road au nikereze bushi?

Mteremko_Ngong
Wadau, habari za jioni. Nina baiskeli ya mlima yenye shoki mbele na nyuma, fremu ya alumini, niliichukua mtumba. Siku hizi nikishika tandiko na kuinua kidogo, nasikia "tok" kabla tairi la nyuma halijaachana na ardhi. Msitu wa Karura, nikipita kwenye mizizi, inagonga vivyo hivyo. Fundi wa kwanza anataka kubadilisha beringi zote za viungo. Wa pili anasema nikakereze bushi ya shaba (kile kipete cha ndani ya tundu la shoki) jua kali, mambo yaishe. Rafiki naye ananisukuma niagize seti ya vipuri vya kampuni kutoka nje. Kwa hapa Nairobi, na mfuko wangu huu mwembamba, mngefuata ipi?

Bolti_Moja
Kaza bolti kwanza. Yangu ilikuwa inagonga, nikakaza, ikanyamaza.

GrisiNaSpana
Kukaza ni sawa, ila kaza kwa kipimo. Fremu nyingi zimeandikwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwenye bolti yenyewe au kwenye kitabu chake. Ukipitisha, unaibana beringi kutoka kando inakwaruza, na bado shoki inacheza. Bolti ikiwa inajifungua yenyewe, safisha nyuzi, tia tone la Loctite 243, ile gundi ya bolti ya buluu. Isiguse beringi.

Lakini Mteremko, usilinganishe dawa kabla hujajua ugonjwa. Hiyo "tok" ya kuinua tandiko mara nyingi ni bushi za shoki, si beringi. Tafuta mtu ainue na kushusha tandiko polepole, wewe uweke kidole pale shoki inapokutana na fremu, nusu ya kidole huku, nusu kule. Kinachocheza utakihisi kwenye ngozi kabla jicho halijakiona. Anza tundu la juu la shoki, kisha la chini, ndipo uhamie viungo vya mkono wa nyuma, ile sehemu ya fremu inayoshika tairi la nyuma. Halafu shika tairi, lisukume kushoto na kulia. Likicheza hapo, kagua ekseli na habu (kitovu cha gurudumu), maana ekseli iliyolegea imewafungulisha watu fremu nzima bure.

Kama unataka uhakika kabisa, toa shoki, acha mkono wa nyuma uning'inie, uutikise kwa kando. Ukiwa haulegei, na ukipanda na kushuka laini bila kukwaruza, beringi zako ni nzima na fundi wa kwanza anakuuzia kazi usiyohitaji.

Pedali_Mama
Naunga mkono, na niongeze upande wa beringi iwapo zitakuwa ndizo. Usiagize nje kabla hujasoma namba kwenye kifuniko cha mpira cha beringi. 6902 ni 15 × 28 × 7 mm, 6900 ni 10 × 22 × 6. Hizo ni namba za dunia nzima, haziangalii kampuni ya baiskeli, na maduka ya beringi Kirinyaga Road wanaelewa ukitaja namba tu. Omba 2RS, yenye mpira pande zote mbili. ZZ ina kifuniko cha chuma, tope jekundu la Karura linapita bila hodi.

Tofauti na beringi za gurudumu ni hii: kiungo cha fremu hakizunguki, kinakwenda digrii chache tu na kurudi, kwa hiyo mzigo unakaa kwenye gololi zile zile. Ndiyo maana kampuni nyingi huweka aina iliyojazwa gololi bila kikapu cha kuzitenga, mara nyingi ikiwa imeandikwa MAX. Ya kawaida itafanya kazi ila itachoka mapema. Mimi huinua mpira kwa sindano nikashindilia grisi hadi ijae, kisha naurudisha.

Na chunga: kuna fremu zenye beringi iliyorefushwa ringi ya ndani au yenye ukingo. Ukiikuta hiyo, zunguka maduka utakavyo, hutaipata. Hapo ndipo kuagiza kunakuwa na maana.

Mkerezaji_KMK
Mimi ndiye huyo wa jua kali, kwa hiyo nisikilizwe na upande wangu. Bushi ya shaba naweza kuikereza, na ukitoka hapa haitacheza. Shida ni baadaye. Shaba inataka grisi kila mara, na pini inayopita ndani ya bushi kwenye shoki zenu nyingi ni alumini. Ikikauka, inayoliwa ni pini. Mteja akiniletea tundu la shoki ningependa nitumie plastiki ngumu ya asetali (Delrin), hainyonyi maji sana kama nailoni na hailii. Hata hivyo lazima iingie kwa kubana, na hapo kosa la sehemu ya kumi ya milimita linatosha kuiharibu. Kazi ninayoifanya kwa moyo mmoja ni vile vipande vya kando vinavyojaza nafasi kati ya shoki na fremu. Hivyo leta vipimo, nitakukerezea.

Jambo moja: mtu asiniletee shoki ya hewa nimpigie nyundo au nichome moto.

Bolti_Moja
Na kipande cha kopo la soda? Nimeona watu wanazungushia pini.

GrisiNaSpana
Kinakufikisha nyumbani tu. Bushi ikilika inakuwa yai, si duara, sasa kopo linajaza upande ambao haukuwa na nafasi na kubana pini vibaya. Kama uko Ngong Hills na giza linaingia, weka. Kesho yake kitoe.

Mteremko_Ngong
Nimefanya jaribio la kidole. Tundu la chini la shoki ndilo linalocheza, waziwazi. Shoki ikiwa nje, mkono wa nyuma haulegei hata kidogo. Shoki ni ya kampuni ya Fox. Sasa niagize seti ya fremu au ya shoki?

Pedali_Mama
Ya shoki, na ni nafuu mno kuliko ile ya fremu nzima. Fox na RockShox nyingi hutumia bushi inayopokea pini ya 12.7 mm, yaani nusu inchi. Chukua venia (kalipa ya kupimia milimita) upime vitu viwili: upana kati ya kuta za fremu mahali shoki inapokaa, na unene wa bolti, ambao mara nyingi ni 8 mm. Bila vipimo hivyo utaletewa pini isiyoingia, urudi kusubiri upya.

Mteremko_Ngong
Asante sana dada. Na ya zamani naitoaje bila kifaa chao?

Mkerezaji_KMK
Jiliwa na soketi mbili. Moja iwe ndogo kidogo kuliko bushi kwa nje, ndiyo ya kusukuma. Nyingine iwe kubwa, ya kuipokea upande wa pili, ikae juu ya ukingo wa tundu bila kugusa bushi. Kaza jiliwa taratibu, ukiangalia zimenyooka. Mpya inaingia kwa njia hiyo hiyo. Pini ikiingia kwa kidole tupu bila kubana, bushi si ya saizi yake. Ikidai nyundo pia irudishe. Inayofaa unaisukuma kwa gumba kwa nguvu, na ukiizungusha kwa mkono inakwenda kwa uzito.