Ushauri: siku sita Berlin mwezi wa tatu, ratiba ya ubalozini niiandikeje?

Mwalimu_Kusini
Wakuu heshima kwenu, na shikamooni mnaostahili.

Nina miadi ubalozini pale Umoja House Jumanne ijayo, viza ya Schengen, matembezi tu. Nakusudia kwenda Berlin siku sita mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Wanataka ratiba ya siku kwa siku. Nimekaa nayo tangu Ijumaa, naandika nafuta. Nikijaza vitu vingi naona wataniona muongo, nikiweka vichache wataniuliza sasa unafuata nini huko. Mpaka sasa nina Lango la Brandenburg, mabaki ya ule ukuta na makumbusho moja. Mliofika, mtu wa kawaida anaanzia wapi? Siku sita ni nyingi au chache? Usingizi sina. Mwenye kejeli apite kimya kimya.

Kiboko wa Rufiji
Siku sita za matembezi, ya saba unaosha vyombo kwenye mgahawa wa Mturuki. Tunakujua, mwalimu.

Bi Mchambawima
Mwanangu, miye nilikwenda Berlin binti yangu alipojifungua. Mwezi wa tatu huo huo. Usidanganyike na jua la dirishani, chukua koti zito na soksi za sufi. Siku ya kwanza nimeshikwa na kiu, nikanunua maji dukani, nafungua, yananirukia usoni, kumbe ya gesi! Nimeroa mpaka mtandio. Binti anacheka, ananambia mama hapa watu wanakunywa ya bomba. Na chupa usitupe. Unairudisha dukani, unaitia kwenye tundu la mashine, unapata senti 25 kwa kila chupa ya plastiki. Basi nilipojua hilo nikawa naokota mpaka za jirani, binti akanuna. Na Jumapili maduka yote yamefungwa, jinunulie chakula Jumamosi. Mjukuu sasa ana miaka minne, anasema Kijerumani tu, "shikamoo" hataki.

Mwalimu_Kusini
Ahsante bibi, nimeandika. Hongera ya mjukuu.

Mkamba wa Wedding
Mwalimu, mimi ni Mkenya, naishi Wedding, mtaa wa hapa Berlin, mwaka wa tisa huu. Sikiza vizuri.

Tiketi za treni hapa zinakwenda kwa zoni A, B na C, na uwanja wa ndege uko zoni C. Wageni wengi wananunua tiketi ya AB kwa sababu ni ya bei rahisi, halafu wanashikwa. Nunua ABC. Na tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwa ile mashine ndogo kabla ya kupanda treni. Hakuna geti wala kondakta, kwa hivyo unadhani ni bure. Kumbe kuna watu wamevaa nguo za kawaida kama wewe, mlango ukifunga tu wanatoa kitambulisho. Faini ni euro 60. Mimi nililipa wiki yangu ya kwanza, na tiketi nilikuwa nayo mfukoni, safi, haijagongwa.

Kuba la kioo la Bunge, pale Reichstag, kupanda ni bure ila ujiandikishe mapema kwenye mtandao. East Side Gallery ni kilomita 1.3 za ukuta wenyewe, zimechorwa, huhitaji tiketi. Pergamonmuseum usiiweke kwenye ratiba, wameifunga tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati. Kama unataka ya kale nenda Neues Museum, kichwa cha Nefertiti kiko pale. Siku sita ni sawa kabisa.

Hiyo makumbusho yako moja ni ipi?

Mwalimu_Kusini
Museum für Naturkunde. Mambo ya sayansi ya viumbe. Nafundisha jiografia.

Jicho la Mhasibu
Mnamjazia mtu ratiba, hakuna aliyemuuliza la maana. Nimejaza fomu za watu wengi kuliko nywele zangu. Ratiba haimnyimi mtu viza. Mwalimu, nani analipa safari, na taarifa yako ya benki ya miezi mitatu inasomekaje?

Mwalimu_Kusini
Najilipia mwenyewe. Pesa ipo. Bima nimeshakata, ile ya euro 30,000. Hosteli nimeweka nafasi. Barua ya ruhusa ya mwajiri ninayo. Mimi swali langu lilikuwa ratiba.

Jicho la Mhasibu
Ipo tangu lini?

Kiboko wa Rufiji
😂😂 Kimya kimeingia.

Mama Ntilie Mstaafu
Mimi nashangaa mwalimu wa serikali anakwenda Ulaya kuangalia ukuta. Kuta hapa zimejaa. Mbuga tunazo, bahari tunayo, mtu hajafika hata Kilwa Kisiwani anakimbilia Berlin. Mume wangu alikuwa hivi hivi, alikwenda Bombay kutazama treni.

Jicho la Mhasibu
Mwalimu, saa tatu zimepita. Nauliza kwa faida yako. Mtu mwenye mshahara wa laki nane, akaunti ikaingia mamilioni ghafla wiki chache kabla ya kuomba viza, anayesoma makaratasi atajua ni pesa ya kuazimwa ili ionekane. Hapo ndipo watu wanapoanguka, na euro zako 90 za ada hazirudi.

Mwalimu_Kusini
Sawa mkuu. Nitasema.

Iliingia tarehe 19 Desemba, milioni kumi na moja na laki nne. Ni pesa ya korosho, halali kabisa, mzigo umepita mnadani kwa stakabadhi ghalani. Shamba ni la marehemu baba. Chama cha msingi wanalipa kwenye akaunti yangu kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki Lindi. Tuko wanne. Wenzangu bado sijawaambia kwamba malipo yametoka.

Kabla hamjanirukia: miaka minne hii napalilia mimi, napulizia salfa mimi, kikohozi ni changu. Wao wanaonekana siku ya mgao. Na tiketi ya ndege nimeshanunua, milioni mbili na laki tatu, hairudishwi. Kwa hiyo msiniambie niahirishe. Nitawalipa kwa mshahara kidogo kidogo.

Kiboko wa Rufiji
Naondoa utani wangu wa vyombo. Hii ni kesi ya mirathi.

Shemeji wa Masasi
Kaka, mimi ni mdogo wa mtu kama wewe. Kila mwaka "malipo hayajatoka, chama kina matatizo". Mwaka jana nikapanda gari mwenyewe hadi kwenye ofisi ya chama, karani ananionesha daftari, sahihi ya kaka hiyo, imelipwa mwezi na nusu nyuma. Nilikaa kwenye benchi pale nje mpaka jua likazama. Mpaka leo tunasalimiana msibani tu. Wewe nenda Berlin, nenda.

Mama Ntilie Mstaafu
Nilisema mimi.

Bi Mchambawima
Mwanangu, fungu lako ni lako. La wenzio umelitia kwapani kwa nini? Na hicho unachokifuata huko ni kitu gani kisichoweza kungoja mwaka mmoja?

Mwalimu_Kusini
Bibi, nakwenda kumwona mjusi.

Yule dinosaria wa Tendaguru. Mifupa ilichimbwa kwetu, ikabebwa vichwani mpaka bandari ya Lindi, leo amesimama ukumbini Berlin, kimo mita 13.27. Babu yangu alikuwa mmoja wa wapagazi. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba babu yenu alibeba mzigo uliofungwa kwa mianzi na hakuwahi kuambiwa ndani mna nini. Kila mwaka nawachorea wanafunzi yule mnyama ubaoni kwa chaki kutoka kwenye picha, shingo inaishia nje ya ubao. Mwaka jana mtoto mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, mwalimu, wewe umemwona? Sikuwa na jibu. Wala si kwamba namchukia mtu nyumbani.

Mchumi_Tumbo
Hapo sasa umenigusa. Na kwa nini tumfuate? Arudishwe! Limeulizwa bungeni mara ngapi?

Kiboko wa Rufiji
Arudi akae wapi? Ukumbi wa mita 14 Lindi uko wapi? Tutamsimamisha kwenye stendi ya mabasi.

Fundi_Darubini
Chai. Tena ya rangi, yenye tangawizi.

Nimepitia nyuzi zake za zamani. Mwaka juzi kwenye uzi wa reli aliandika, "babu yangu alikuwa fundi wa reli Tabora." Leo babu kahamia Tendaguru. Halafu tupige hesabu. Uchimbaji ule ni 1909 hadi 1913. Kwenye uzi wa ajira alisema ana miaka 41. Babu mpagazi wa 1910 mwenye mjukuu wa miaka 41? Mleta uzi anaandika hadithi, nyie mnamwaga machozi. Korosho, marehemu baba, mtoto wa kidato cha pili... kila kitu kimekaa kama kimepangwa kwenye sahani.

Mchumi_Tumbo
Duh. Nami nilishaanza kuandika risala ya mjusi.

Mwalimu_Kusini
Mkuu, kila mtu ana babu wawili. Wa Tabora ni mzaa mama. Wa Lindi mzaa baba, na alikuwa kijana mdogo, miaka kumi na mbili hivi. Alimzaa baba akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, kwa mke wa tatu. Na kusema kweli yeye binafsi alikuwa akibeba maji na unga wa wapagazi. Mifupa alibeba kaka yake.

Fundi_Darubini
Kwanza mifupa, sasa unga. Tukimbana zaidi babu atakuwa alipita tu njiani akawasalimia.

Kiboko wa Rufiji
😂😂😂 Alikuwa anauza maandazi.

Msomi wa Vumbi
Ngojeni kidogo. Sijui kama mwalimu anasema kweli, ila hilo la mianzi limenishtua. Ni kweli mifupa mingi ya Tendaguru ilifungwa kwenye vifurushi vya mianzi, na mingine ilikaa Berlin karne nzima bila kufunguliwa. Hilo kwenye vitabu vya shule sijaliona. Na jina linalokumbukwa la mtu wa kwetu pale ni la mnyapara Boheti bin Amrani. Kuna mjusi mmoja kapewa jina lake, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Wapagazi wengine, zaidi ya tani 200 walizosomba, hata robo ya majina hatuna. Kwa hiyo ukidai ushahidi wa babu mpagazi, Fundi, unadai karatasi ambayo haikuandikwa.

Mwalimu, kama kweli unakwenda, usiishie kwa mjusi. Shuka Rosenthaler Platz, tafuta Brunnenstraße namba 193. Chini kwenye njia ya waendao kwa miguu kuna jiwe lenye bamba la shaba, ukubwa wa kiganja, inabidi uiname. Ni la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Aliingia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto, 1929 akawa Berlin akidai mishahara ya askari ambayo haikulipwa. Hawakumpa. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa na mwalimu wa Kiswahili, mpaka wakamfunga kwa kuwa na mwanamke wa kizungu. Alifia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944.

Mkamba wa Wedding
Na mimi nyumbani kwangu nikitoka nje niko karibu na Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße, bila kupanda ndege. Kuna barabara hapa ilikuwa na jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, Mkono wa Damu wenu. Tangu 2024 kipande chake kinaitwa Maji-Maji-Allee. Mtaa wa Neukölln nako kuna Lucy-Lameck-Straße, jina la yule mwanasiasa wenu. Shuka kituo cha Afrikanische Straße, treni ya U6, unipigie, chai iko. Ya kweli.

Fundi_Darubini
Mianzi ipo kwenye intaneti. Alete tiketi.

Mwalimu_Kusini
[picha] Jina nimeziba. Tazameni tarehe.

Fundi_Darubini
Sawa. Tiketi ni tiketi. Babu bado namtilia shaka.

Jicho la Mhasibu
Mimi babu si shida yangu. Mwalimu, nakwambia la karatasi. Muamala ule utaulizwa. Utatakiwa uweke barua ya maelezo na nakala za malipo ya mnada. Malipo yana jina la shamba la marehemu, kwa hiyo atakayesoma atajiuliza warithi wengine wako wapi. Dawa ni barua fupi, ndugu watatu wanasaini kwamba wanajua na wameridhia. Bila kuwaambia huipati. Ukiwaambia, huenda wakadai chao na salio likashuka. Ukienda na salio lililoshuka lakini linaelezeka, ni afadhali kuliko kubwa lisiloelezeka.

Mwalimu_Kusini
Na nikighushi sahihi?

Jicho la Mhasibu
Hilo sijalisoma.

Shemeji wa Masasi
Mimi nimelisoma.

Bi Mchambawima
Wapigie leo, mwanangu. Uanze na mdogo.

Mwalimu_Kusini
Nimempigia wa Mtama. Hajapokea. Nimemtumia ujumbe kwamba nina jambo la korosho. Sasa hivi naona ameusoma.

Mkamba wa Wedding
Wakati unangoja: kwenye tiketi unafika Jumapili jioni. Siku ya kwanza umeweka nini?

Mwalimu_Kusini
Jumatatu, mjusi. Asubuhi kabla ya kitu chochote.

Mkamba wa Wedding
Jumatatu wanafunga.

Mwalimu_Kusini
Ratiba nimeshaichapa. Nikate kwa kalamu niandike Jumanne juu yake, au?

Jicho la Mhasibu
Chapa upya.

Mwalimu_Kusini
Sawa. Anapiga sasa hivi, narudi.