GM au GE? Kutambua dizeli kuukuu za treni za mizigo

Mwana_Kampemba: Wandugu, lokomotivi za zamani kwenye video za Marekani zinanichanganya. GP38-2 na SD40-2 za GM (General Motors), zilizoanza kutengenezwa 1972, bado ziko kazini. C30-7 ya GE (General Electric) imekuwa adimu kwenye makampuni makubwa. Nianze kuangalia wapi?

Fundi_Likasi: Anza na paa, upande wa radieta. GP38-2 ina feni 2 za duara, SD40-2 ina 3. Zile za katikati usizihesabu, ni za kupoza breki ya umeme. Kisha bomba la moshi: GP38-2 haina turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), inatoa moshi kwa mabomba 2 madogo. SD40-2 ina turbo na bomba 1 pana. Chini, GP ina ekseli 4, SD ina 6. Tena fremu ya SD40-2 ni ndefu kuliko bodi, kwa hiyo mbele na nyuma inabaki baraza ya kutosha kutandika mkeka.

Kwa C30-7 hutaona feni ya duara. Ni moja tu, imefichwa chini ya radieta, na radieta zenyewe zimetokeza kando kama mabawa.

Ruashi_Reli: Yaya Fundi, hapo kwenye mabawa angalieni. SD45 ya GM nayo radieta zake zimetanuka, na nyingi zilifanyiwa ukarabati: injini ya silinda 20 ikatolewa, ikawekwa ya 16, bodi ikabaki ileile. Ukitazama mabawa peke yake utaiita GE. Hesabu feni: zikiwa 3 juu, hiyo ni GM.

Mwana_Kampemba: Na kama video imepigwa kutoka chini, paa halionekani?

Ruashi_Reli: Basi sikiliza. Injini ya GM 645 ni ya mipigo miwili, yaani kila silinda huwaka kila mzunguko; ikisimama bila mzigo inazunguka kama mara 315 kwa dakika, na mlio wake unafuatana bila pengo. Injini ya GE, FDL, ni ya mipigo minne, silinda huwaka mara moja kila mizunguko miwili, inapiga tuku… tuku… kama inataka kuzima.

Moshi nao unasema. Turbo ya GE inazungushwa na moshi peke yake. Dereva akiongeza nguvu ghafla, mazutu (mafuta ya dizeli) yanafika kabla ya hewa, ndiyo lile wingu jeusi. Turbo ya GM huanza kwa kuzungushwa na gia za injini, inaachiwa moshi ukishakuwa na nguvu. Wingu lake ni dogo. Moshi wa bluu, kwa yoyote ile, ni oili inayoungua.

Fundi_Likasi: Kweli. Ila GM iliyokaa muda mrefu ikinguruma bila mzigo hukusanya oili kwenye bomba, na ikivuta hutema cheche. Kule Marekani inatokea sana kipindi cha baridi: ndani mna maji yasiyo na dawa ya kuzuia barafu, kwa hiyo hawaizimi usiku. Ikizimika, valvu inamwaga maji yote kabla hayajaganda. Ukiona dimbwi chini ya lokomotivi iliyonyamaza, usidhani bomba limepasuka.

Sakania_Mpaka: Kwa wa huku kwetu, Katanga na Zambia: Zambia Railways ilinunua lokomotivi U20C za GE, silinda 12. Upana kati ya reli zetu ni milimita 1067, wa Marekani 1435, kwa hiyo bodi ni nyembamba na mabawa hayaonekani vile. Tegemeeni sikio.

Mwana_Kampemba: Aksanti sana. Narudia video zote na sauti juu.