Usiku wa gala melini: tuksedo, suti nyeusi, kanzu na joho, au kitenge?

Mama_Rahma
Habari za humu ndugu zangu. Naomba tulinganishe. Safari ni ya meli ya Queen Mary 2, Southampton hadi New York, siku 7, na kurudi ni kwa ndege. Usiku wa gala, yaani jioni rasmi ya kujipamba, upo mara mbili. Kwa mwanaume kuna njia nne: kukodi tuksedo (suti ya sherehe yenye kola inayong'aa), kuinunua, kuvaa suti nyeusi aliyonayo, au kanzu na joho. Kwa mwanamke ni gauni refu la jioni, kitenge cha kushonesha, au abaya ya darizi. Tafadhali msiniambie "vaa kinachokupendeza". Nataka kujua kipi kinapita mlangoni, kipi kinatoka kwenye begi bado kina heshima, na kipi kinavalika saa tano mfululizo meli ikiyumba.

Nahodha_Makupa
Tuanze na sheria, maana kila kampuni ina zake na watu wanazichanganya.

Cunard, wenye hiyo Queen Mary 2, ni wakali kuliko kampuni nyingi. Usiku wa gala, kuanzia saa kumi na mbili jioni, mwanaume awe na tuksedo, au suti ya rangi nzito pamoja na tai, iwe ya kawaida au ya kipepeo. Mwanamke avae gauni la jioni, gauni fupi la sherehe, au suti ya suruali iliyoshonwa vizuri. Vazi rasmi la taifa linakubalika. Jioni nyingine mambo ni mepesi: shati na suruali, blauzi na sketi, hata jinzi isiyochanika. Asiyetaka kujipamba usiku wa gala hafungiwi chumbani. Atakula bafe ya Kings Court au atakaa baa ya Golden Lion, ila asitegemee kuingia mgahawa wa Britannia wala Queens Room, na dansi liko huko Queens Room.

Carnival na Royal Caribbean nao huwa na jioni mbili za kujipamba kwenye safari ya siku 7, lakini kwao shati la kola na suruali nzuri humtosha mwanaume. Norwegian hawamlazimishi mtu kabisa. Kwa hiyo aliyezunguka Karibiani na Norwegian akikwambia "hata suti usibebe", anakwambia kweli kuhusu meli nyingine.

Usiku wa gala kwa kawaida hauwekwi siku ya kwanza, kwa sababu mabegi huweza kuchelewa kufika vyumbani, wala siku ya mwisho, kwa sababu mabegi hutolewa nje ya mlango usiku huo. Una siku za katikati, basi zitumie kuziandaa nguo.

FundiSuti_Kariakoo
Dada, mwanaume mwenye suti nyeusi, au ya buluu iliyokolea, inayomkaa mabegani, avae hiyo. Kwa gala mbili tu, tuksedo ya kununua ni pesa inayolala kabatini, na ya kukodi ina hatari ambayo watu hawaioni mpaka siku ya kuivaa.

Hatari yenyewe ni mabega. Urefu wa suruali unapunguzwa, kiuno kinabanwa, mkono wa koti unakatwa. Lakini bega la koti likizidi bega la mtu kwa sentimita mbili, hakuna marekebisho bila kufumua mkono mzima na pedi yake, na mwenye duka la kukodisha hatakuruhusu. Kwa hiyo anayekodi asitume vipimo kwenye fomu peke yake. Ajaribu, asimame wima, mikono ishuke. Mshono wa bega uishie mfupa wa bega unapoishia. Shati lionekane sentimita moja hadi moja na nusu nje ya mkono wa koti. Kola ya koti ilale shingoni bila kuacha pengo nyuma. Hilo pengo ndilo linaloonekana zaidi kwenye picha za ubavuni, na wapiga picha wa meli hawakosekani usiku huo.

Anayenunua asome lebo. Sufu ya Super 100 hadi 120 (namba ikipanda, uzi ni mwembamba zaidi) ndiyo ya safari: inatundikwa usiku, asubuhi mikunjo mingi imeondoka yenyewe. Sufu ya 150 kwenda juu ni laini mno na hukunjamana upesi. Poliesta haikunjamani, lakini haipumui, na baada ya raundi tatu za waltzi utalijua hilo.

Kuipandisha suti nyeusi ifike gala: shati jeupe lisilo na mfuko, tai ya kipepeo nyeusi isiyong'aa sana, viatu vyeusi vya kamba vilivyopigwa rangi mpaka kwenye kisigino. Mkanda uwe mwembamba wenye bizimu ndogo. Na kwa tuksedo mkanda wa ngozi hauvaliwi kabisa. Suruali yake haina hata vitanzi. Kiunoni panakwenda kile kitambaa kipana cha mikunjo, na midomo ya mikunjo itazame juu. Ukivaa hicho usivae kizibao, chagua kimoja.

Pwani_Muscat
Fundi kasema vizuri, ila naona kanzu imerukwa, na kwangu ndiyo ya kwanza kwa mwanaume wa pwani. Melini watu mia kadhaa watakuwa na koti jeusi lilelile. Kanzu safi, joho jeusi lenye ukingo wa zari na kofia ya viua ni vazi la harusi kubwa Unguja na Lamu. Hilo ni rasmi bila mjadala.

Sharti ni kwamba iwe seti kamili. Kanzu tupu bila joho wala koti ni ya nyumbani na ya msikitini, na mlangoni itakuletea maswali. Kitambaa kiwe tetroni; pamba tupu ikikaa kwenye begi inatoka na mikunjo ya miraba mpaka chini. Ndani kuwe na suruali nyeupe au shuka nyeupe, kwa sababu taa kali za ukumbini hupenya kitambaa cheupe. Pindo liwe juu ya kifundo cha mguu kwa sentimita mbili au tatu. Likigusa kiatu utalikanyaga ngazini meli ikiinama. Viatu viwe vya ngozi vya kufunika. Makubadhi, hata yawe mazuri namna gani, ni ndala machoni pa mhudumu wa Kizungu.

Joho lina adabu yake. Mikono yake mipana huingia kwenye mchuzi. Ukifika mezani livue, likunje kwa ndani, liweke mgongoni mwa kiti. Kwenye begi usilikunje kupitia kwenye zari, nyuzi zikivunjika hazirudi. Funika zari kwa karatasi laini, kisha viringisha joho kwenye taulo. Kofia ijaze soksi ndani ili isibonyee, na safiri nayo begi la mkononi.

Mukasa_Toronto
Shehe, joho ni zuri, lakini kwa safari hii napigia kura kanzu na koti, kama tunavyovaa Uganda kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Mama Rahma amesema wanarudi kwa ndege. Tiketi nyingi zinaruhusu begi moja la kilo 23, na joho lina kazi jioni mbili tu. Koti jeusi la suti litavaliwa juu ya kanzu usiku wa gala, kisha juu ya shati na suruali jioni nyingine zote. Koti liwe la safu moja ya vifungo. La safu mbili likifungwa juu ya kanzu huvimba tumboni, na likiachwa wazi linaning'inia.

Kwa upande wa kina mama, gomesi, gauni refu la Uganda, pia ni vazi la taifa na linapita. Lakini linakula hadi mita sita za kitambaa, lina kikoyi ndani na mshipi mkubwa kiunoni. Kwenye kiti chenye mikono unakaa kwa shida, na kulipiga pasi ni kazi ya saa nzima. Kama si lazima, liache nyumbani.

Pwani_Muscat
Kwa hesabu ya kilo, kaka, umenishinda. Kwa sura mlangoni, bado nasimama na joho.

Binti_Kizimkazi
Kwa wanawake nitaziweka kwa mpangilio wa kuaminika safarini, maana kwa uzuri kila mtu ana jicho lake.

Abaya ya nida au krepu ndiyo ya kwanza. Haikunjamani, ni nyepesi, ni ndefu tayari, na ukichagua yenye darizi au mawe mikononi na kifuani hakuna atakayeuliza kama ni vazi la jioni. Tahadhari ni mawe: yaliyobandikwa kwa gundi hupukutika yakikwaruzana ndani ya begi, yaliyoshonwa hukaa. Igeuze ndani nje kabla ya kuifunga. Isiwe nyeusi tupu ya kutokea sokoni.

Gauni refu linafuata, ila angalia kitambaa. Krepu na kitambaa cha kuvutika hukusamehe. Satini inahifadhi kila mkunjo na kila tone la maji. Pindo lipimwe ukiwa umevaa kiatu utakachovaa usiku huo, liinuke sentimita mbili kutoka sakafuni. Milango ya kutokea sitahani ina vizingiti vilivyoinuka kuzuia maji, na pindo refu hunasa hapo hapo.

Kitenge ndicho chenye sura kuliko vyote na ndicho chenye matatizo mengi. Waksi ya pamba inakunjamana. Kifue kitambaa kabla hakijakatwa, la sivyo gauni litabana baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Mwambie fundi aweke bitana nyepesi mpaka chini. Gauni linashuka vizuri na halishikani na miguu. Mkato wa samaki uliobana magotini, usithubutu! Ngazi za meli zinataka hatua, na meli ikiyumba unahitaji kutanua miguu. Kama unaupenda sana, fundi aweke mpasuo nyuma unaofika juu ya goti. Kilemba kirefu kipunguze usiku wa maonyesho: aliye nyuma yako Royal Court Theatre naye kalipa nauli.

Dera silipendekezi. Ni jepesi, linaonyesha ndani, na huburuzika. Livae mchana sitahani.

Viatu: mchuchumio wa kisigino chembamba unazama kati ya mbao za sitaha, na kwenye sakafu inayoinama hauna msaada. Kisigino kinene cha sentimita nne hadi sita, chenye kamba ya kifundoni, kinatosha. Na beba mtandio mzito kidogo. Atlantiki ya Kaskazini nje ni baridi hata kiangazi, na ndani kiyoyozi hakina huruma kwa mabega wazi.

Dobi_wa_Bahari
Watu wanajadili vazi wanasahau pasi. Pasi ya kawaida na ya mvuke haziruhusiwi vyumbani, ni hatari ya moto. Zikionekana kwenye mashine ya ukaguzi zinachukuliwa, utazipata mwisho wa safari. Queen Mary 2 ina vyumba vya kufulia vya bure vyenye pasi na meza zake. Royal Caribbean hawana vya namna hiyo, huko unalipa wakupigie. Foleni huwa ndefu mchana wa gala, kwa hiyo piga pasi siku moja kabla, au asubuhi watu wakiwa kwenye kifungua kinywa. Kitenge kipigwe kwa ndani kikiwa na unyevu kidogo. Sufu isiguswe na pasi bila kitambaa chenye unyevu juu yake, itang'aa kama kiti cha daladala na mng'ao huo hautoki.

Kukunja koti: geuza bega la kushoto ndani nje, ingiza bega la kulia ndani yake, bitana ikae nje, kunja mara moja tu katikati. Weka ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni wa dobi. Mfuko huo unafanya nguo iteleze badala ya kusuguana, na msuguano ndio unaotengeneza mikunjo. Ukifika chumbani, kitu cha kwanza ni kutundika, kabla hujaenda kuzunguka meli. Mikunjo iliyobaki, tundika nguo bafuni, fungulia maji ya moto dakika kumi, kisha iache ikauke kabla ya kuvaa. Mbinu hii inafaa sufu na krepu. Kwa waksi haifai kitu, ile inataka pasi.

Mama_Rahma
Ahsanteni sana, hapa nimeelewa. Mawili yamebaki. Nasikia gala zao huwa na mada, kama nyeusi na nyeupe, au vinyago. Kitenge cha rangi kitakuwa kosa? Na baba mkwe anasafiri nasi, ana suti ya Kaunda ya kijivu na hataki kusikia habari ya tai.

Nahodha_Makupa
Mada si lazima. Ukiwa na vazi la gala, rangi haikuzuii. Anayetaka kushiriki bila nguo mpya, abebe kinyago chepesi cha macho, au kitenge chenye nyeusi na nyeupe kwa wingi.

Suti ya Kaunda ni kesi ngumu. Hata Bunge la Kenya liliipiga marufuku ukumbini Novemba 2023, kwa uamuzi wa Spika Wetang'ula. Kwa jioni za kawaida melini inapita vizuri sana. Kwa gala, ya mikono mifupi na rangi ya kijivu nisingeihesabu. Mzee asiyetaka tai ana mlango wazi: kanzu na koti la Mukasa. Hakuna tai hapo, na shingo yake itapumua.

FundiSuti_Kariakoo
Naongeza kwa mzee: koti la ile Kaunda lisitumike juu ya kanzu, ni fupi na lina mifuko minne ya nje. Atafute koti jeusi linalofunika makalio, na kanzu ishonwe sasa, si wiki ya safari, ili ifuliwe mara moja na pindo lipimwe upya akiwa na viatu.